Bamia za Tarehe Nane

Kalenda ya jimbo ilifika Ruwi kutoka Moshi
imekunjwa ndani ya kanga, inanukia kahawa.
Nikaibandika kwenye friji kwa sumaku ya duka la dawa.
Kila mtakatifu na siku yake,
kila siku na sufuria yake: ndiyo sheria ya nyumba hii,
ghorofa ya tatu, juu ya fundi saa.

Agosti, kwa Laurenti, tulichoma mishkaki roshanini.
Fulgensi akasema huyo angecheka nasi,
ndiye aliyewaambia wauaji: Nigeuzeni, upande huu umeiva.
Kwa Blasi, mganga wa makoo,
nguru wa Matrah na miiba yake yote,
watoto wakitafuna kwa adabu kama wasomao Waraka.
Anselmi hakumbuki katekisimu.
Anakumbuka kila alichokula.

Ikafika Bakhita.
Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, miguu imevimba.
Ikhlas wa wodini, mtu wa Sudan, alinielekeza:
asida, na bamia kavu zilizotwangwa, na nyama.
Nikasonga, nikageuza, nikaepua.
Anselmi akachungulia: "Mama, huu si ugali?"
Ni ugali, mwanangu. Umetembea tu.

Mlango ukagongwa. Perpetua akaruka:
"Niachieni mimi! Bakhita alikuwa bawabu wa watawa!"
Kumbe alikuwa anasikiliza.
Akafungua, akainama,
akaingia Bi Thuwaiba na Kiswahili chake cha Ng'ambo
ambacho miaka sitini ya Maskati haijakichuja:
"Haya, leo mnamla nani?"

Tukacheka. Akanawa, akakaa.
Fulgensi akasoma kutoka daftarini.
Alizaliwa Darfur. Aliibwa mdogo,
akatembezwa kwa miguu hadi sokoni,
akauzwa, akauzwa tena,
akachanjwa, chale zikatiwa chumvi,
hofu ikamfuta jina lake.
Waliomwiba wakampa jingine.
"Bakhita maana yake nini?" nikauliza, kama mwalimu.
"Bahati," akajibu Bi Thuwaiba, mbele ya watoto,
na mkono wake ukabaki juu ya bamia.

Kiyoyozi kikanguruma peke yake.

"Kwetu alikuwepo Bahati.
Alimlea mama yangu. Akanibeba na mimi, kizee tayari.
Akilala jikoni.
Tukisema ni wa kwetu."

Perpetua, mdomo umejaa:
"Na mama yake huyo Bahati, alimwitaje?"

Bi Thuwaiba akatoa simu, akampigia dada yake Nizwa.
Wakabishana kwa Kiarabu, wakarudi Kiswahili,
huyu anasema alikuwa Mnyasa, yule anasema Mmanyema,
huyu anakumbuka ndonya, yule anasema hapana, hilo lilikuwa kovu.
Mwishowe dada akakata shauri:
"Bahati ni Bahati. Una nini wewe leo?"

Sikuwa na sala ya hapo.
Nilipekua kitabu, nacho hakikuwa nayo.
Nikampakulia tena. Akala hadi chini ya sahani,
hakuisifu chumvi wala hakuilaumu,
akaondoka na bakuli letu la mabaki
bila kuaga vizuri.

Usiku, navaa sare,
nikaona kwenye kalenda, chini ya jina la mtakatifu,
penseli ya Perpetua, herufi zimebanana ukingoni:
na Bahati wa kwa kina Bi Thuwaiba.
Kisha kistari kirefu, kitupu,
kama tunavyoacha kwenye fomu za wodi
mgonjwa akiletwa na asiyemjua.

Asubuhi bakuli lilikuwa mlangoni, limeoshwa,
lina tende, maana bakuli halirudi tupu.
Kesho ni Skolastika.
Sijui hata alikuwa anakula nini.